Cutty Sark mezani: namna ya kutengeneza meli ya matanga kwa mkono na kuivalisha shaba ya hapa kwetu

Watu wengi wakishikwa na hamu ya kutengeneza modeli ya meli ya zamani wanakimbilia zile meli za vita, zenye mizinga kibao na madirisha na mapambo ya dhahabu huko nyuma, halafu mwezi wa pili mifupa ya meli iko juu ya kabati na hakuna anayeigusa tena. Kama uko Lubumbashi na hii njo mara yako ya kwanza, mi nakuambia anza na Cutty Sark.

Mwili wake ni safi, njo sababu. Ilikuwa meli ya biashara, ya kukimbiza chai kutoka China mpaka London, kwa hiyo ubavu wake ni laini toka mbele mpaka nyuma, hakuna tundu la mizinga hata moja. Ilishushwa majini kule Dumbarton, Uskoti, tarehe 22 Novemba 1869, siku tano tu baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa, yaani ilizaliwa wakati kazi yake imeshaanza kuponyoka, juu meli za mvuke zilikata njia kwenye ule mfereji na yenyewe ikabaki kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Baadaye ikahamia kwenye sufu ya Australia na huko njo ikapata sifa kweli kweli: mwaka 1885, chini ya kapiteni Richard Woodget, ilitoka Sydney ikafika London kwa siku 73. Na meli yenyewe bado ipo, iko Greenwich, London, ilishika moto tarehe 21 Mei 2007 wakiwa wanaitengeneza, lakini milingoti na vitu vingi vilikuwa vimeshatolewa, wakaimalizia na kuifungua tena 2012. Maana yake kwako ni kwamba picha ziko za kila kona, hautabahatisha kitu.

Lakini mimi naipendea tumbo lake. Ile meli ina mataruma, yaani mbavu, ya chuma na ngozi ya mbao, na hawakufanya hivyo kwa urembo. Meli ikikaa kwenye maji ya chumvi inaota majani na konokono chini, inakuwa nzito, haikimbii tena. Dawa ilikuwa kuifunika shaba, juu shaba inaua vile vijidudu. Sasa ukipiga shaba juu ya chuma kwenye maji ya chumvi, chuma kinaliwa haraka sana, kwa hiyo wakaweka mbao katikati. Na hawakutumia shaba tupu, walitumia mchanganyiko wa Muntz, shaba karibu asilimia 60 na zinki 40. Shaba na zinki, ndugu zangu. Kipushi, mji wa mgodi wa shaba na zinki, iko kilomita 30 kutoka hapa! Watu wa Ulaya wanaonunua modeli za kwenye boksi wanapata kipande cha mkanda wa shaba na maelezo ya mistari miwili, sisi hapa tuna mafundi wa kugonga shaba toka enzi za wazee, kwa hiyo hii sehemu ya kazi tunaweza kuwashinda bila jasho.

Vipimo na michoro

Tumia skeli ya 1 kwa 100. Usijichoshe na zile skeli za Waingereza za 1 kwa 96 au 1 kwa 72, hapa mita moja ya meli ni sentimita moja ya modeli na hesabu imekwisha. Mwili wa Cutty Sark ni karibu mita 64.8, kwa hiyo wako utakuwa sm 64.8. Upana mita 11, wewe sm 11. Ukiongeza ile dasturi, mti mrefu unaochomoza mbele, urefu wote unafika mita 85 na kidogo, kwa hiyo tafuta nafasi ya sm 90 nyumbani kabla haujaanza, na kwenda juu mlingoti wa kati una kama mita 46 kwa hiyo kabati la vyombo vya mama halitatosha, sema naye mapema.

Michoro ya hii meli inapatikana kwenye intaneti, mingine ya bure. Unachohitaji ni vitu vitatu: mchoro wa ubavu, mchoro wa kutoka juu, na ule wa mataruma, unaoonyesha meli imekatwa vipande kama mkate. Angalia pia mchoro ni wa kipindi gani. Hii meli iliuzwa kwa Wareno mwaka 1895, wakaiita Ferreira, na mwaka 1916 ikavunjikiwa milingoti kwenye dhoruba upande wa Afrika Kusini, ikafungwa matanga ya aina nyingine kabisa. Ukichukua mwili wa mchoro mmoja na kamba za picha ya wakati wa Ferreira, utafika mahali vitu vinakataana na hautajua kosa liko wapi. Chagua meli ya wakati wa chai, baki hapo hapo.

Ukienda kwenye birotike kuprinti, mwambie yule kijana asiache mashine ipunguze ukurasa ili uingie kwenye A4. Kabla ya kuprinti chora pembeni ya mchoro mstari unaotakiwa kuwa sm 10, ukitoka pima na rula. Ukiwa sm 9.6 rudisha hapo hapo, usilipe. Mchoro wa ubavu utatoka kurasa tatu au nne, unaunganisha na skochi kwenye meza tambarare.

Mbao unapata wapi

Kwa mifupa chukua tripleksi ya mm 4. Kipande cha mita moja kwa nusu kinatosha na kinabaki. Iangalie kwa jicho moja kama unalenga bunduki, ikiwa imepinda iache dukani.

Kwa ngozi, hapa Lubumbashi hakuna kitu kizuri kama mbao za paleti. Yale magari makubwa yanayopanda kutoka Kasumbalesa yanaleta mashine na paleti za paini, na paleti zikivunjika zinaishia kwenye mbabula, jiko la makaa. Paini ya paleti mara nyingi imekauka vizuri, ni laini, inapinda. Chagua kipande kisicho na macho na mistari yake inakwenda moja kwa moja, peleka kwa fundi mbao mwenye mashine akukatie vijiti vya mm 5 kwa mm 1.5, virefu sm 70. Vikate vingi, kama 60, juu vingine vitavunjika. Kuna watu watakushauri utumie mukula juu ni mti mwekundu mzuri. Kwa kiti sawa. Kwa modeli hapana, ni mgumu, unakataa kupinda, na isitoshe huu mwili wote utaufunika na rangi na shaba, nani atauona?

Milingoti ya juu na foromali zote, ile miti ya kulala inayobeba matanga, unazipata pale wanapouza michopo: vijiti vya mianzi vya brosheti. Nunua vipya, pakiti mbili. Vya nyama vimeshaiva na mafuta, kole (gundi) haishiki.

Vingine: kole nyeupe ya mbao, kole ya fundi viatu, supaglu kidogo, wembe na kisu cha lame za kubadilisha, msumeno mwembamba, pinsi ndogo, pini za tayeri, vishikizo vya nguo vingi (vya mbao ni bora), msasa au papie vere namba 80, 120, 240 na 400, uzi mweusi na uzi wa kahawia, nta ya nyuki. Nta waulize wanaouza buki (asali) ya porini, wengine wanaitupa.

Mifupa

Bandika mchoro wa ubavu juu ya tripleksi na kole nyepesi, kata ule ubao mrefu wa katikati, huu njo mkuku wako. Halafu kata mataruma, moja kila sm 4 hadi 5, kwa hiyo utapata kama 14. Kila taruma lina mwanya katikati unaoingia kwenye mwanya wa mkuku. Mwanya uwe wa kubana kidogo, uingie kwa kusukuma na kidole gumba, apana kwa nyundo.

Kumbuka unene wa ngozi. Mchoro unaonyesha meli ya nje, wewe utaongeza mm 1.5 ya mbao kila upande, kwa hiyo taruma likatwe ndani ya mstari kwa hiyo mm 1.5. Watu wanasahau hapa halafu meli inatoka nene kama mama mkwe wa kwenye michezo ya kuchekesha.

Kabla ya kole panga yote makavu, tazama kutoka mbele na kutoka nyuma. Kila taruma lisimame pembe mraba na mkuku, tumia boksi ndogo ya kiberiti kama kona, inafanya kazi vizuri. Ukiridhika, gundisha, na wakati kole inakauka funga mkuku kwenye ubao mzito ulionyooka kwa vipande viwili vya mbao pande zote. Mkuku ukipinda sasa hautanyooka tena maisha yake yote.

Kole ikikauka njo kazi ambayo hakuna anayeipenda: kusugua kingo za mataruma. Mbele kabisa meli ya chai ni nyembamba kama kisu, kwa hiyo ngozi inapita kwenye taruma kwa mshazari na ile kingo ya pembe mraba inazuia. Chukua kijiti kimoja cha ngozi, kilaze juu ya mataruma matano au sita kwa pamoja, tazama. Kikigusa kingo tu na nyuma kuna mwanga, sugua. Kikizama mahali fulani, hapo taruma ni fupi, bandika kipande chembamba uongeze. Tumia msasa 80 uliobandikwa kwenye rula ndefu ya mbao, usugue mataruma matatu kwa mara moja, usisugue moja moja. Kati ya taruma la kwanza na la pili kule mbele jaza kipande cha paini kilichochongwa, na huko nyuma chini ya shetri, tako la meli, vilevile, juu hapo mbao zinapinda sana na zinahitaji mahali pa kushika.

Ngozi

Weka vijiti vitano au sita kwenye maji ya moto nusu saa. Mbabula ikiwa imewaka, weka juu yake kopo la maziwa ya unga lililojaa maji, likipata moto sawasawa unachukua kijiti kilicholowa unakizungusha ubavuni mwa kopo taratibu, unasikia kinalegea chini ya vidole, kinatoa mvuke na harufu ya paini. Ukisikia kinakataa simama, kirudishe kwenye maji. Kikishapinda kifunge kwenye mataruma na vishikizo bila kole kikauke hapo hapo, kesho njo unagundisha. Mbao mbichi ikigundishwa inasinyaa na kuacha mianya.

Anza juu, kwenye mstari wa sitaha, weka kijiti kimoja kulia halafu kimoja kushoto, kulia, kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukimaliza upande mmoja wote kwanza, mbao zitavuta mkuku na meli itakuwa na shingo iliyopinda.

Sasa hesabu inayowasumbua watu. Katikati ya meli mzunguko kutoka sitaha mpaka mkuku ni mkubwa, mbele ni mdogo, lakini idadi ya mbao ni ile ile. Kwa hiyo mbao lazima ipungue upana ikielekea mbele. Kata karatasi nyembamba, izungushe kwenye taruma la katikati, weka alama, gawanya kwa mm 5, tuseme umepata 22. Nenda na karatasi nyingine kwenye taruma la kwanza la mbele, pima, gawanya kwa 22 hiyo hiyo, tuseme inatoka mm 3. Basi kila mbao ichongwe itoke mm 5 katikati ifike mm 3 mbele. Usishuke chini ya nusu ya upana, ikifika huko kata mbao moja iishie njiani na mbao mbili za jirani zikutane. Huko nyuma inakuwa kinyume, mbao zinatawanyika na unaongeza vipande vya pembetatu kujaza.

Habari njema ni kwamba safu moja ya ngozi inatosha. Modeli zinazobaki na rangi ya mbao zinahitaji safu ya pili ya mbao nzuri, hii apana. Mianya jaza na kole iliyochanganywa na unga wa msumeno, sugua 120, 240, funga macho upitishe kiganja. Macho yanadanganya, kiganja hakidanganyi. Na sugua vizuri kabisa sehemu ya chini, juu shaba nyembamba haifichi kitu, inakuza kila kinundu.

Mstari wa maji: iweke meli kwenye vishikio, ipime iwe sawa kulia na kushoto na kwa mwelekeo wa mchoro, halafu funga penseli juu ya kipande cha mbao kwenye kimo kinachotakiwa, uizungushe meli yote penseli ikigusa. Paka nyeusi sehemu ya juu ishuke mm 3 chini ya mstari. Rangi kwanza, shaba baadaye, usifanye kinyume, ukibandika skochi juu ya shaba ili upake rangi, skochi ikitoka inatoka na bamba.

Shaba

Zile bamba za mafundi wetu wa kugonga shaba ni nene mno kwa kazi hii. Unataka shaba ya kama mm 0.1 au pungufu, inayokatwa na mkasi wa kawaida bila kelele. Nenda kwa watengenezaji wa televizio, waombe transfo ndogo zilizokufa, nyingi zimezungukwa na mkanda mwembamba wa shaba nje. Za welding na chaja kubwa pia zinakuwa nao. Kuna mkanda mzuri zaidi ndani ya kabo nene za umeme, lakini hapo kuwa makini, kabo nyingi zinazouzwa kwa kilo mtaani zimeibiwa na mtaa mzima unalala giza juu yake, mtu akikuletea mita ishirini za kabo usiku mwache apite na mzigo wake.

Sasa laini. Shaba ikishapigwa na kupindwa inakuwa ngumu, haitaki kulala kwenye mviringo. Peleka nje, washa mbabula, subiri makala yawe mekundu, shika mkanda na pinsi ulaze juu. Kama una verni au plastiki itatoa moshi mbaya, usimame upande upepo unakotoka. Unaanza kuona rangi zinakimbia juu ya shaba, zambarau, bluu, machungwa, halafu inaingia wekundu mzito, hapo toa, tumbukiza kwenye maji. Chuma ukikifanya hivyo kinakuwa kigumu, shaba inalainika kama karatasi. Itakuwa imevaa gamba jeusi, isugue na ndimu na chumvi, dakika mbili na inarudi kung'aa.

Bamba za kufunika meli zamani zilikuwa na urefu wa kama mita 1.2 na upana sm 36, kwetu ni karibu mm 12 kwa mm 3.5. Ukiamua kubandika moja moja utahitaji kama elfu mbili kwa pande mbili. Sikatazi. Lakini mi nashauri hivi: kata mikanda ya mm 3.5, laza kila mmoja juu ya kioo, weka alama ya kiungio kila mm 12 kwa mgongo wa kisu, usikate, bonyeza tu. Katikati ya meli, ambapo ubavu ni karibu tambarare, bandika kipande cha bamba tano kwa mpigo. Ukikaribia mbele na nyuma shuka kwenye bamba mbili, na kwenye mviringo mkali chini ya shetri bandika moja moja, juu kipande kirefu kitajikunja makali.

Sugua mgongo wa shaba na msasa 240 ili kole ishike. Kole nyeupe haishiki chuma. Chukua kole ya fundi viatu, paka nyembamba pande zote mbili, kwenye mbao na kwenye shaba, subiri mpaka kidole hakinati, halafu weka. Ukishaweka imekamata, hakuna kusogeza, kwa hiyo chora mistari ya penseli kwenye mbao kwanza. Unaanza nyuma, chini kwenye mkuku, unakwenda mbele, bamba ya mbele inapanda kidogo juu ya ile iliyo nyuma yake ili maji yasipate kingo ya kuinua. Safu ikiisha unapanda safu nyingine. Viungio visilingane na vya safu ya chini, vipishane kama matofali. Safu ya mwisho kwenye mstari wa maji kata baada ya kubandika, na wembe mpya na mkono usiotetemeka, asubuhi kabla ya kahawa.

Watu wanapenda kutoboa alama za misumari. Msumari wenye kichwa cha nusu milimita kwenye skeli hii ni msumari wenye kichwa cha sm 5 kwenye meli ya kweli, hakuna aliyepiga msumari wa hivyo. Acha bamba laini. Rangi pia: Muntz ni ya manjano kuliko shaba yetu, mtu anayejua atakuambia. Mwambie hii ni Cutty Sark ya Katanga. Baada ya kubandika futa na ndimu, suuza, kausha, iache wiki mbili hewani itulie iwe rangi ya asali, ndipo upake verni nyembamba isiyong'aa. Ukiipaka verni siku hiyo hiyo itabaki kama sufuria mpya.

Usukani fanya na kipande cha paini mm 3, uvalishe shaba vilevile hadi mstari wa maji, na uufunge vizuri. Meli ya kweli ilipoteza usukani wake kwenye Bahari ya Hindi mwaka 1872 ikishindana na Thermopylae, meli nyingine ya chai, ikiwa inaongoza, na seremala wake Henry Henderson akatengeneza mwingine hapo hapo baharini. Wakafika London wiki moja nyuma ya mwenzao, na bado watu wanawasifia wao.

Sitaha na vitu vyake

Ubao wa sitaha kwenye hii skeli una upana wa kama mm 1.3, usijaribu kukata ubao mmoja mmoja. Chukua karatasi ya mbao nyembamba ya rangi nyepesi, chora mistari ya penseli ngumu kila mm 1.3, pitisha kisu kidogo juu yake, piga msasa 400. Kalafati, ile mistari ya kuziba kati ya mbao, tayari. Nyumba ndogo za sitaha, mitumbwi, gurudumu la usukani, vyote vinatoka kwenye mabaki ya tripleksi na paini, fuata picha. Mbele kabisa yuko Nannie, sanamu ya mchawi mwanamke wa kwenye shairi la Kiskoti, aliyeshika mkia wa farasi mkononi. Mchonge na mastiki ya epoksi juu ya pini, mpake nyeupe. Ni mdogo sana, hata sura ikikosekana mkia njo utamtambulisha.

Milingoti na foromali

Mlingoti wa chini uchonge kutoka kwenye paini: anza na kijiti cha mraba, kata kona kiwe pembe nane, kata tena, halafu msasa. Vijiti vya mianzi unaviweka kwenye dirili kama umeme upo, unazungusha huku umeshika msasa kwa vidole, umeme ukikatika unaendelea kwa mkono, tofauti ni jioni moja tu. Foromali ni nene katikati na nyembamba ncha zote mbili. Ile kubwa ya mlingoti wa kati ilikuwa na karibu mita 24, kwa hiyo sm 24, na zinapungua ukipanda. Mlingoti wa kati una foromali sita, wa mbele na wa nyuma tano tano.

Funga kila kitu cha foromali ikiwa bado mezani: vitanzi, kamba ya kukanyagia wanamaji, shanga ndogo za kupitishia kamba. Ukisubiri mpaka zipande juu utakuwa unafunga fundo la nusu milimita katikati ya kichaka cha nyuzi. Na milingoti imelala kidogo kuelekea nyuma, haisimami wima, pima kwenye mchoro kabla ya kole.

Kamba

Meli yenyewe ilikuwa na zaidi ya kilomita 17 za kamba. Wewe utafunga sehemu yake tu, na bado utachukua muda kuliko kazi yote ya juu. Uzi wa polyester wa cherehani unafaa zaidi kuliko pamba. Hapa kwetu tofauti ya kiangazi na masika ni kubwa, Julai hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, Januari kila kitu kina unyevu, pamba inavuta na kulegea na mwisho inapinda milingoti. Kila uzi upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili, halafu katikati ya vidole ili joto liiyeyushe, manyoya yote yanalala.

Mweusi ni kwa kamba zinazoshikilia milingoti, ambazo hazisogei. Kahawia ni kwa kamba za kuvutia foromali na matanga. Nyeusi kwanza. Anza na dasturi, halafu mlingoti wa mbele, ukielekea nyuma, kutoka chini kwenda juu na kutoka katikati kwenda nje, ili mkono uwe na njia ya kutokea. Zile kamba za ubavuni zinashuka jozi jozi: jozi ya kwanza kulia, ya pili kushoto, na baada ya kila jozi simama mbele ya meli utazame kama mlingoti umevutwa. Zikaze zinyooke tu, zisilie kama nyuzi za gitaa.

Ngazi za wanamaji kwenye hizo kamba ziko kila mm 4. Chora mistari ya mm 4 kwenye karatasi, iweke nyuma ya kamba, fuata. Fundo ni la kuzungusha mara mbili, tone dogo la kole nyeupe iliyochanganywa na maji, kesho unakata ncha. Funga safu kumi, ondoka, kunywa chai. Ukilazimisha usiku utavuta kamba za pembeni ziingie ndani, na meli itakuwa na kiuno.

Matanga, mi nashauri uache. Meli ya kweli ilikuwa na karibu mita mraba 3,000 za nguo, kwako ni kama theluthi ya mita mraba, na kitambaa chochote utakachonunua kitakuwa kinene kama godoro kwenye hii skeli. Tena yanafunika kamba zote ulizozitolea jasho. Kama lazima, yakunje juu ya foromali: shati kuukuu la pamba nyembamba, lichovye kwenye chai ya rangi, kata kimo cha theluthi tu ya tanga zima ili mkunjo usiwe mnene, kunja, funga na uzi.

Vumbi

Mwezi wa nane vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye nyumba iliyofungwa, na likishakaa kwenye nyuzi zenye nta halitoki. Kabla hata haujamaliza kamba, mwagize fundi vioo akate boksi: sm 95 kwa 35, kimo sm 65, chini ubao mzito uliopigwa verni pande zote mbili usije ukapinda. Acha tundu dogo nyuma hewa ipite, lizibe na kipande cha neti ya mbu. Usiiweke karibu na dirisha la jua la mchana, wala juu ya friji inayotetemeka. Mara moja kwa mwaka fungua, tumia brashi laini ya poda ya uso, mpya, kutoka juu kwenda chini. Kwenye shaba usipitishe ndimu tena baada ya verni, itaingia pale verni ilipokwaruzika na kuacha madoa ya kijani.